Gari Linazima Njiani, kwa Fundi Linawaka: Namna ya Kuisoma Injini Inayokata Moto

Katika magonjwa ya gari kuukuu, hakuna linalokula pesa bila kupona kama hili la kuzima na kuwaka tena. Gari likifa kabisa, kazi ni nyepesi: fundi anapima, anakuta kisichofanya kazi, anakibadilisha. Lakini gari linalozima kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, likapumzishwa pembeni, kisha likawaka kana kwamba hakuna lililotokea, likifika gereji linanguruma vizuri tu. Fundi hana cha kupima. Anachobaki nacho ni kubahatisha, na kubahatisha kunafanyika kwa pesa yako: leo plagi, wiki ijayo pampu ya mafuta, mwezi ujao koili inayozalisha umeme wa cheche, na mwisho unaambiwa kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, imeungua.

Msimamo wangu ni kwamba injini haizimi ovyo. Inazima kwa masharti, na masharti hayo ndiyo ushahidi pekee ulio nao. Je, ilikuwa imeshapata moto au ndiyo kwanza imewashwa? Ulikuwa unapanda au unapunguza mwendo? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Eyakondisheni ilikuwa inafanya kazi? Ilikata ghafla au ilianza kukohoa? Mwenye gari anayeweza kujibu maswali hayo amefanya nusu ya kazi ya fundi. Anayesema "inazimazima tu" amemkabidhi fundi pochi yake.

Tuanze na lile la ghafla au polepole, maana hapo ndipo njia mbili kubwa zinapogawanyika. Injini ya petroli inataka hewa, mafuta na cheche, na vyote vifike kwa wakati wake. Cheche ikikatika, injini inakata hapo hapo, kama umezima swichi. Hakuna kukohoa wala kuvuta kinyonge. Mafuta yakipungua, mara nyingi injini haifi papo hapo. Presha iliyobaki kwenye bomba inaisha taratibu, gari linapoteza nguvu, linajikwaa, ukikanyaga mafuta linazidi kulegea, ndipo linazima. Hewa ikiwa ndiyo yenye kasoro, shida huonekana zaidi gari likiwa limesimama au unapoachia pedali: resi, yaani kasi ya mzunguko wa injini, zinapanda na kushuka, mshale unacheza, kisha kimya. Kanuni hii si msahafu. Rilei ya pampu, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ikikatika na kushika kwa vipindi vifupi inaweza kukudanganya kwamba ni cheche. Hata hivyo ndiyo mwanzo mzuri kuliko kununua plagi.

Sasa angalia dashibodi gari linapozima, kabla hujagusa ufunguo. Taa za oili, chaji na cheki injini zikiwaka zote, maana yake umeme wa swichi upo, injini tu ndiyo iliyosimama. Dashibodi ikiwa giza kabisa, redio nayo kimya, achana na habari za pampu na koili: tafuta kwenye vichwa vya betri, fyuzi kuu, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari) au swichi ya ufunguo. Swichi iliyolika ndani ni mshukiwa mkubwa kwenye gari ambalo limewashwa na kuzimwa kwa zaidi ya miaka ishirini, hasa kama ufunguo umening'inizwa na funguo za nyumba, za ofisi, kifungua soda na mwanasesere. Hili si jambo la kupuuza. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yapatayo milioni 2.6, yakiwemo Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa sababu swichi ilikuwa laini kiasi kwamba ufunguo uliweza kuteleza na kurudi nyuma gari likiwa kwenye mwendo. Injini ilizima, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa haikufunguka katika ajali. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Jaribio lake ni la bure: gari likiwa linanguruma mahali salama na limesimama, tikisa ufunguo taratibu bila kuuzungusha. Injini ikistuka, umempata.

Ishara nyingine ya dashibodi inaachwa na wengi: mshale wa resi. Kwenye gari la gia za mkono, likizima ukiwa mwendoni na gia imeingia, magurudumu yanaendelea kuizungusha injini. Mshale basi unatakiwa kushuka pole pole pamoja na mwendo. Ukidondoka sifuri papo hapo wakati gari bado linatembea, kompyuta au saketi ya kuwasha haipati tena ishara kwamba injini inazunguka. Hiyo inakupeleka moja kwa moja kwa sensa ya krenki, kifaa kinachohisi mzunguko wa ekseli kuu ya injini, au kwa magari ya zamani, kwenye distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi.

Hapa pana utajiri, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua Corolla ya umbo la 110 yenye injini ya 5A-FE, gari ambalo Dar es Salaam halihitaji kutambulishwa. Nyingi za familia hii ya injini zina distributa, na ndani yake kuna koili ndogo za sumaku zinazoiambia kompyuta krenki iko wapi. Waya wa koili hizo ni mwembamba kama unywele. Miaka ikipita, waya unapata ufa usioonekana. Injini ikiwa ya baridi ncha mbili za ufa zinagusana na umeme unapita. Ikipata moto, vitu vinatanuka, ncha zinaachana, ishara inakatika, gari linazima. Unasimama pembeni, joto linapungua, ncha zinagusana tena, gari linawaka. Fundi aliyefika baada ya nusu saa anakuta gari zima na mwenye gari anayeonekana mwongo.

Joto ndilo mchawi wa magari mengi kuukuu, na watengenezaji wakubwa wameshaumbuliwa nalo. Ford iliwahi kuweka moduli ya kuwasha, kifaa cha umeme kinachoiamuru koili itoe cheche, ubavuni mwa distributa, mahali penye joto kali, kwenye magari mengi ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Moduli zilikata zikipata moto na kurudi zikipoa, na mwaka 2000 jaji wa California aliamua dhidi ya kampuni hiyo katika kesi iliyohusu jambo hilo. Honda Civic na Accord za miaka hiyo zina ugonjwa wa aina yake: rilei kuu inayolisha kompyuta na pampu imewekwa chini ya dashibodi, na risasi iliyounganisha miguu yake kwenye bodi inapasuka. Ukiliacha gari juani likaiva, haliwaki; jioni linawaka. Dawa yake ni kufungua kijisanduku hicho na kuchomelea upya viungo vyake kwa pasi ya risasi, kazi ambayo fundi redio mzuri anaimaliza upesi kuliko fundi gari.

Kifaa kinachokufa kwa joto unakipima kwa joto. Kupima sensa ikiwa baridi na kusema "iko sawa" ni kupoteza muda. Ing'oe, unganisha mita kwenye miguu yake ukiwa kwenye kipimo cha om, kisha ipulizie hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele. Namba itapanda kidogo kidogo, hilo ni kawaida kwa waya wa shaba. Ikiruka ghafla na kuonyesha kwamba hakuna njia, umemaliza upelelezi. Njia ya kinyume inafaa barabarani: gari likizima, zima swichi, weka kitambaa kibichi kilichokamuliwa juu ya koili au moduli unayoishuku, subiri kidogo, jaribu kuwasha. Likiwaka haraka kuliko kawaida yake, umepata dokezo. Usimwage maji, unaweza kupasua kitu kilichokuwa kizima na kulowanisha distributa.

Kuna mtego mmoja kwenye Toyota za zamani ambao nauona ndiyo chanzo cha pampu nyingi nzima kutupwa. Kwenye magari hayo pampu haiungurumi ukifungua swichi tu. Inafanya kazi unapopiga stata, na baada ya hapo inaendelea kwa sharti kwamba kompyuta inaona injini inazunguka. Ishara ya krenki ikipotea, kompyuta inaikata pampu pia, kwa usalama, ili gari likipata ajali lisiendelee kumwaga petroli. Fundi aliyezoea magari ambayo pampu huunguruma sekunde mbili swichi ikifunguliwa anategesha sikio kwenye tangi, hasikii kitu, anatoa hukumu: "Bosi, pampu imekwisha." Pampu mpya inafungwa, gari linapoa wakati wa kazi, linawaka, kila mtu anafurahi mpaka siku ya jua.

Namna ya kuitenga pampu ipo, na haihitaji mashine. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kijisanduku cha plastiki kwenye chumba cha injini chenye matundu yaliyoandikwa herufi ndani ya kifuniko. Fungua swichi bila kuwasha, unganisha kwa kipande cha waya matundu ya +B na FP. Pampu inalazimishwa kufanya kazi. Sikiliza tangini, bana mpira wa mafuta uone kama umekaza. Ikiunguruma vizuri gari likiwa ndiyo kwanza limezima kwa joto, pampu na waya wake haviwezi kuwa washukiwa wa kwanza. Hakikisha tu unaunganisha matundu hayo na si mengine.

Kijisanduku hicho hicho kinasoma kumbukumbu ya kompyuta. Unganisha TE1 na E1, fungua swichi, na taa ya cheki injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa kasi moja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara moja, ikatulia, kisha mara tatu, hiyo ni 13: ishara ya mzunguko wa injini ilipotea. Moja na nne, yaani 14, ni ishara ya kuwasha kutoka kwenye ignaita, yaani moduli ya kuwasha ya Toyota. Mbili na mbili ni sensa ya joto la maji. Kwa magari yenye mfumo mpya zaidi, mashine ya kupimia itakuletea P0335 kwa sensa ya krenki, P0505 kwa mfumo wa sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta), P0171 kwa mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita mafuta. Ila usikubali mtu afungue kichwa cha betri kabla ya kusoma, maana kwenye magari mengi ya rika hili anafuta ushahidi wote. Na usidanganywe na tundu la pini 16 chini ya usukani: magari mengi yaliyouzwa Japani miaka ya 1990 yana tundu la umbo hilo lakini hayazungumzi lugha ya mashine za kawaida. Fundi akisema "mashine haioni kitu", huenda mashine haijaongea na gari kabisa.

Upande wa mafuta una dalili zake. Gari linalotembea vizuri mjini lakini linakata pumzi kwenye mwinuko mrefu, tuseme kupanda Kitonga likiwa na abiria, linadai mafuta mengi kuliko yanayofika. Filta iliyoziba na pampu iliyochoka ndivyo vya kwanza kupima, kwa geji ya presha. Injini nyingi za mfumo wa nozeli zinazopuliza mafuta zinataka takriban baa 2.5 hadi 3, na kipimo kifanyike gari likiwa limeelemewa, si likiwa limetulia gereji. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, kwa hiyo tabia yetu ya kuweka mafuta ya elfu kumi na kutembea na taa ya akiba imewaka inaipika polepole. Maji nayo, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa ya tangi, yanakovutwa mafuta. Gari linalozima mara tu baada ya kujaza kituo fulani linastahili kuchotwa mafuta kidogo kwenye chupa safi na kuangaliwa. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya.

Kitu kidogo kinachosahauliwa ni kifuniko cha tangi. Tundu lake la hewa likiziba, tangi linajinyonga lenyewe, pampu inavuta dhidi ya ombwe, gari linazima baada ya mwendo mrefu. Likizima, fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likawaka mara moja, umeokoa bei ya pampu.

Gari linalozima kwenye taa za barabarani au ukiachia pedali kuingia kwenye tuta ni habari nyingine. Hapo anza kwenye hewa. Throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali, ikifunga, hewa ya kuiweka injini hai inapita njia nyembamba inayosimamiwa na vali ya sailensi, na njia hiyo inajaa masizi meusi yanayotokana na mvuke wa oili. Ing'oe throto, isafishe kwa dawa yake na mswaki, safisha na vali. Kazi ya asubuhi moja, na kwenye Corolla na Carina za umri huu inamaliza kesi nyingi kuliko jambo lingine lolote ninalolijua. Nisichokipenda ni fundi anayekimbilia kufungua skrubu ya sailensi ili kupandisha resi. Gari litaacha kuzima kwa muda, ndiyo, lakini litakunywa mafuta, likiingia gia ya D litastuka, na uchafu bado uko palepale.

Baada ya usafi, tafuta hewa ya wizi. Mpira mkubwa unaotoka kwenye eya klina kwenda throto hupasuka mikunjo yake kwa chini, mahali jicho halifiki, na ufa unafunguka injini inapoinama kwa mzigo. Ndiyo maana kuna gari linalozima kwenye D lakini kwenye R halina neno. Mipira midogo ya vakyumu nayo inakauka na kuchanika. Injini ikinguruma taratibu, nyunyiza maji kidogo kwenye viungo vyake. Mlio ukibadilika, hapo pana tundu. Wapo wanaonyunyiza dawa ya kabureta, na inaonyesha vizuri zaidi, lakini juu ya manifoldi (bomba lililoshikana na injini) yenye joto kali, huo ni mchezo wa kuunguza gari. Kwa gari la otomatiki linalozima kila unaposimama ukiwa kwenye D, lakini halizimi ukiingiza N kabla ya kusimama, kumbuka pia gia boksi: kufuli ya ndani ya tokkonveta, kiungo cha injini na gia boksi, ikigoma kuachia, inaiua injini kama vile umesimama bila kukanyaga klachi.

Niseme jambo la mitaani kwetu ambalo hutalikuta kwenye kitabu cha kiwandani. Gari la umri huu limepita mikononi mwa watu, na kila mmoja ameacha waya wake. Kuna alamu ya mwenye gari wa kwanza, kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa na mkopeshaji, na swichi ya siri ya kuzuia wezi chini ya kiti. Vingi vya vitu hivi vinafanya kazi kwa kukata waya wa pampu au wa swichi na kupitisha umeme kwenye rilei ya bei rahisi, waya ukasokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu. Rilei ile ikichoka, gari linazima bila kuacha kosa lolote kwenye kompyuta. Kabla ya kununua sensa, muulize aliyekuuzia gari ni nini kilifungwa, kisha mwambie fundi umeme avifuate vyote na kurudisha waya wa kiwandani, hata kwa majaribio ya wiki moja. Wakati yuko huko apime na ethi: mita kwenye volti, mguu mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzake apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa ethi umeoza au umelegea.

Kuhusu vifaa vyenyewe, distributa ya mtumba kutoka Gerezani au Shauri Moyo inaweza kuwa na umri uleule wa ile unayoitoa, na ufa uleule unaosubiri joto. Ipime kwa hewa ya moto kabla ya kulipa, au kubaliana na muuzaji kwamba utairudisha. Kwa sensa ya krenki inayouzwa peke yake, mpya ya asili ni bora hata kama bei inauma.

Usalama wako kwanza likizima ukiwa mwendoni: usiurudishe ufunguo nyuma mpaka mwisho, kwa sababu usukani unaweza kujifunga. Breki zina msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu kabla ya kuwa ngumu, kwa hiyo kanyaga kwa uthabiti mara moja, usipige pampu. Usukani utakuwa mzito, uvute kwa nguvu. Washa hazadi, toka barabarani, weka pembetatu nyuma.

Na kama baada ya yote hayo gari bado linakuficha siri, mtegee taa. Chukua taa ndogo ya LED yenye rezista ya om 1,000, iunganishe kwenye waya wa umeme wa pampu kupitia fyuzi ndogo, ipitishe mpaka kwenye dashibodi. Weka ya pili, ya rangi nyingine, kwenye waya chanya wa koili. Kisha endesha kama kawaida, saa ileile, njia ileile, na eyakondisheni ikiwa vilevile, mpaka lizime. Taa ya koili ikizimika injini inapokata, tafuta kwenye swichi, fyuzi au rilei kuu. Taa ya pampu ikizimika kwanza na injini ikakohoa ndipo ife, ni rilei ya pampu, waya wake au kile kifaa cha kufuatilia. Zote mbili zikibaki zinawaka na gari linakohoa, pima presha ya mafuta. Ya koili ikibaki inawaka, na ya pampu ikazimika muda mfupi baada ya injini kukata ghafla, rudi kwa sensa ya krenki na ignaita, na safari hii nenda na mashine ya kukaushia nywele.